Kisomo cha watu wazima cha serikali: nyota tatu na nusu, K ya katikati ndo imeniangusha

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza watu wanauliza. Bure. Hamna ada, hamna fomu ya kununua, hamna yunifomu, ukitoa nauli ya daladala na daftari na penseli mzee wako anasoma. Nalisema mapema kwa sababu hapa mtaani kwetu Mwanza nikiwaambia watu mama yangu anaenda kisomo wananiuliza "kwani bado kipo?" na wengine wanadhani nazungumzia kyuti, wale vijana wanaotafuta cheti cha sekondari. Hapana bana. Nazungumzia kisomo chenyewe, a e i o u, watu wenye wajukuu wamekaa kwenye madawati ya darasa la kwanza magoti yanakaribia kidevu. Kipo. Kwenye makaratasi kinaitwa MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, jina refu kama treni ya mizigo, kwaiyo kila mtu anasema kisomo tu na mimi nitasema hivohivo.

Mama amesoma mwaka mmoja na nusu sasa. Nimekaa nae usiku kwenye madaftari, nimeshaenda darasani kwao mara nyingi tu, kwaiyo haya sijasimuliwa.

Kilichotupeleka huko ni rangi ya ukuta. Mama anauza dagaa, anafuata mzigo Mwaloni Kirumba alfajiri, anarudi kuuza mtaani kwa kikombe na kwa sado, na wateja wake nusu ni wa mkopo, si unajua watu wa mtaani, "mama nitakupa mwisho wa mwezi." Desemba moja nikasema ngoja nimfurahishe bimkubwa, nikamleta fundi apige rangi chumba cha mbele wakati yeye yuko mwaloni. Karudi, kakuta ukuta mweupe pee, mimi nimesimama pale nasubiri kushukuriwa, yeye kakaa chini kwenye ndoo kashika kichwa. Kumbe ile mikwaruzo ya mkaa nyuma ya mlango niliyokuwa naiona uchafu miaka yote ndo lilikuwa daftari lake la madeni. Mama Neema alikuwa duara lenye nukta katikati, fundi cherehani alikuwa msalaba, ustaadhi wa madrasa alikuwa mwezi, na kila kijistari pembeni ni sado moja. Alikadiria imefutika kama laki na ishirini. Na wadaiwa habari iliwafikia haraka ajabu, ghafla kila mtu anakumbuka anadaiwa sado moja tu.

Sasa mimi nina steshenari. Naishi kwa kuwaandikia watu, barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba kuvutiwa maji, mukhtasari wa vikao vya vikoba, ukurasa buku. Na mama yangu mzazi anachora mwezi ukutani. Nilijisikia vibaya sana aise.

Kinachouma zaidi ni kwamba bibi mzaa mama alikuwa anajua kusoma. Sisi kwetu ni Ukerewe, na Ukerewe ilikuwa kwenye zile wilaya 6 zilizochaguliwa kuanza kufuta ujinga mwanzoni mwa miaka ya 70, pamoja na Mafia, Masasi, Kilimanjaro na nyingine. Mwalimu Nyerere alitangaza kwenye hotuba ya mkesha wa mwaka mpya kwamba 1970 uwe Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na haikuishia kwenye hotuba, watu walikaa chini ya miti kweli na ubao na chaki. Bibi alisoma. 1973 akawa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, ile ya kukaa mnazunguka redio mnasikiliza kipindi, mnasoma kijitabu, afu mnanyanyuka mnaenda kuchimba choo, na choo chake nimekikuta mimi mwenyewe. Alikuwa anasoma gazeti linaitwa Elimu Haina Mwisho, lilikuwa linatoka hapahapa Mwanza kwa ajili ya waliohitimu kisomo, na cheti chake alikiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge hadi anafariki.

Na mama? Mama kazaliwa 1964. Bibi akienda kisomo mchana, mama ndo anabaki na wadogo zake, mmoja mgongoni mwingine kashika nguo. Elimu ya msingi ilipokuja kufanywa ya watoto wote mwishoni mwa 1977 mama ana miaka 13, na aliyepelekwa kuandikishwa ni yule wa mgongoni. Ndo hivo. Bibi alisoma kwa sababu mama hakusoma, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulisema hili kwa sauti mpaka siku ile ya rangi mama alipolisema kwa hasira.

Mnaopenda namba: 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchi hii walikuwa hawajui kusoma. 1986 serikali ikahesabu ikasema wamebaki chini ya asilimia 10, dunia nzima ikaja kutushangaa. Sensa ya 2012 ikakuta wanaojua kusoma na kuandika ni kama asilimia 78, yani katika watu wazima watano mmoja alikuwa hajui. Mtu akiniuliza imekuwaje namuonesha gazeti la bibi. Miaka ya 80 hela zilipokata, magazeti yakakauka, walimu wa kisomo wakarudi shambani, na kusoma usipokutumia kunaota kutu kama jembe lililoachwa nje. Afu watoto wa wakati ule ambao shule iliwashinda kwa ada na michango ndo watu wazima wa leo.

Haya turudi kwenye huduma yenyewe.

Kujiandikisha. Hapa nyota 2 na nimewaonea huruma. Ofisi ya kata niliyoanzia, kaka wa mapokezi hajawahi kusikia. Akanipeleka kwa mtu, mtu akanipeleka shule ya msingi moja, pale wakasema darasa lipo ila "limelala" mpaka wafike watu kumi na tano. Nikarudi wiki nyingine, kumi na tano hawajafika, nikaambiwa niwatafute mimi. Mimi! Nikabandika karatasi steshenari kwangu, BIBI NA BABU KARIBUNI KUSOMA BURE, ikakaa siku nne bila mtu mpaka fundi baiskeli akanitania "sasa dada asiyejua kusoma atalisomaje tangazo lako." Nikaona aibu hiyo. Nikaanza kusema kwa mdomo, kwa wamama wa mwaloni, kanisani, msikitini jirani wakatangaza baada ya swala, tukapata kumi na wanne na mwalimu mkuu akakubali kumi na tano ni pamoja na mimi. Kwaiyo kama unataka kumpeleka mzee wako usiishie kwa kaka wa mapokezi, muulize Afisa Elimu Kata kwa cheo chake hichohicho, au nenda halmashauri ulizia Afisa Elimu ya Watu Wazima, kila halmashauri yupo. Ukikwama kabisa kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ile iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, wana ofisi mikoani, ingawa huko wengi utakaowakuta ni wa kyuti na diploma.

Mwalimu. Nyota 5, na ningekuwa na ya sita ningempa. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kwa lugha ya mpango anaitwa mwezeshaji, analipwa posho ambayo mara ya mwisho nilipomuuliza ilikuwa haijaonekana miezi mitano. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri watoto wakishatoka. Siku ya kwanza nilikaa nyuma nikashuhudia kitu sitakisahau. Nyie wote mnakumbuka shule, mwalimu anaingia, darasa linasimama, "shikamoo mwalimu!" Huyu kaingia, wazee wa watu wakaanza kujikongoja wasimame, akawazuia kwa mkono, akasema yeye "shikamooni wazazi wangu," na darasa zima likajibu marahaba mwanangu. Mzee mmoja wa makamo ya babu akacheka mpaka akatoa machozi. Kuanzia hapo hamna aliyeona aibu tena. Watu wanadhani mtu mzima anashindwa kusoma kwa sababu kichwa kimekomaa, hapana, anashindwa kwa sababu anaogopa kuchekwa na mtu aliyezaliwa juzi.

Halafu kuna la macho, na hili naomba mlizingatie. Wiki ya tatu mama kaanza kuniambia "mwanangu mimi kichwa changu hakishiki, niache tu." Herufi anazichanganya, b na d, u na n, anasema zinacheza. Nikadhani ndo basi. Mwalimu akamwambia asogee mbele, haikusaidia, akamwambia arudi nyuma, ikasaidia! Kumbe ubao anauona vizuri, kitabu ndo haoni. Nikamnunulia miwani ya kusomea ya elfu tano, zile za kwenye meza za barabarani (najua, najua, baadae nilimpeleka hospitali akapimwa vizuri), akaivaa, akafungua kitabu, akakaa kimya muda mrefu, akasema "kumbe kuna nukta." Wiki iliyofuata wanakisomo sita kati ya kumi na wanne walikuja na miwani ya elfu tano. Sita! Hao sita wangeandikwa kwenye rejista kama watoro au wazito wa kuelewa. Mpango mzima unafundisha watu wa miaka hamsini na kuendelea na hakuna mahali popote pa kujiandikisha nilipoulizwa mzee wako anaona. Mtu yeyote wa wizara akipita hapa asome hii aya mara mbili, kuwapima macho siku ya kwanza kungewaokolea wanafunzi wengi kuliko semina yoyote.

Vifaa: nyota 1. Kitabu kimoja watu watatu, kimechoka, kurasa za mwisho hazipo kwaiyo hakuna anayejua hadithi ya mkulima iliishaje. Chaki mwalimu anaomba kwa walimu wa mchana. Penseli kila mtu na yake.

Sasa kufundisha kwenyewe. Mnajua KKK, Kusoma Kuandika Kuhesabu. Ile K ya mwisho wazee wangu hawakuihitaji, mama anakokotoa chenji ya noti ya elfu kumi kwa sado mbili na vikombe vitatu kabla mwalimu hajageukia ubao, na siku ya hesabu ilibidi yeye ndo amfundishe mwalimu bei za Mwaloni. Ilichobidi wajifunze ni kuandika zile tarakimu tu. Hilo likaenda vizuri.

K ya kwanza, Kusoma, nyota 4 na sio za kubebwa. Irabu, afu ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, afu maneno ya silabi mbili, afu sentensi. Kiswahili kina huruma kwa hili jamani, kinavyotamkwa ndivyo kinavyoandikwa, mtu akishashika silabi mlango umefunguka. Miezi mitano mama akawa anasoma vibao vya daladala, Igoma, Buhongwa, Nyashishi, kwa sauti, ndani ya gari, abiria wanageuka, mimi natamani kujificha na huku machozi yananilenga. Kale kasimu kake ka kiswaswadu alikokuwa anaogopa kila kikilia, akaanza kukifungulia meseji mwenyewe. Meseji ya kwanza aliyoisoma mwanzo mpaka mwisho peke yake, amevaa miwani, anafuata kwa kidole, ilikuwa hii: "ile hela itume kwenye namba hii." Akaniangalia. "Hela gani?" Nikacheka hadi nikakaa chini. Karibu kwenye dunia ya wasomi mama, sasa na wewe unaweza kutapeliwa kwa maandishi kama sisi.

Ila lipo jambo humo ndani. Bibi alipohitimu alipewa gazeti. Lina habari za kilimo, afya, barua za wasomaji, limeandikwa kwa maneno anayoyaweza. Mama alipohitimu hatua ya kusoma anachopata kila siku ni matangazo ya kampuni za simu na matapeli. Hicho ndo kitabu chake cha kujiendeleza. Maktaba ya mkoa ipo mjini, nilimpeleka, wahudumu wazuri sana wenye heshima, ila vitabu vyepesi vyote vya watoto, sungura na fisi, na yeye kaniambia hajasumbuka hivi akiwa na miaka sitini ili aje asome sungura alivyomdanganya fisi, hiyo anaijua tangu hajaota meno.

Na K ya katikati sasa. Kuandika.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nafungua daftari la mama najisifu. Mwandiko umenyooka, herufi za duara safi, MAMA ANAPIKA UJI, MAMA ANAPIKA UJI, ukurasa mzima, mwandiko kuushinda wangu. Nikapiga picha nikawatumia ndugu. Basi siku moja jioni tuko jikoni nikamwambia haya mama, andika dagaa. Neno analoliuza miaka thelathini. Akashika penseli, akaangalia daftari, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Akasema, "nikopi wapi?"

Nilinyamaza kabisa. Yani miezi mitatu mama yangu alikuwa hajaandika neno hata moja. Alikuwa anachora. Kama alivyokuwa anachora duara na mwezi kwa mkaa, safari hii anachora maneno ya mtu mwingine kwa penseli.

Nikaenda kumuuliza mwalimu, na sikwenda kwa shari, nimeshasema huyu mwalimu ni nyota 5. Akanijibu bila kuficha. Anasema kusoma anaweza kuwafundisha kumi na wanne kwa pamoja, anaandika ubaoni, wanaitika, anayekosea anasikika. Kuandika hakuna kwa pamoja. Ukiwapa imla kila mtu anakosea kosa lake, huyu ameruka irabu, yule hajui ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma zina tofauti, yule mwingine neno lote linaungana na la mbele, na inabidi ukae na kila mmoja umuoneshe, dakika kumi kumi, na yeye ana saa mbili na walio hatua ya kwanza na wa hatua ya pili wamo chumba kimoja. Kwaiyo wanakopi. Kisha akasema neno ambalo ndo lilinifanya niandike maoni haya. "Na dada yangu, wakaguzi wakija hawaangalii madaftari. Wanamnyanyua mmoja asome."

Na kweli bana, niliona kwa macho. Septemba, tarehe 8 ni siku ya kisomo duniani, kuanzia wiki ya mwanzo kuna shamrashamra, tukaambiwa wageni watapita. Siku hiyo darasa la watu kumi na wanne lilikuwa na watu thelathini na kitu. Mama alirudi amenuna, dawati lake limekaliwa na jirani yetu ambaye ni karani mstaafu, mtu kasoma, ana miwani yake ya dhahabu, amekaa pale anasoma "ba be bi" kwa upole kama malaika. Sijui nani alimleta na sitaki kujua. Mgeni akamsimamisha bibi mmoja, akasoma sentensi ubaoni, makofi, picha, soda, wakaondoka. Kusoma ni dakika moja umeona matokeo. Kuandika ungehitaji ukae na daftari, uulize hili neno umelitoa wapi kichwani. Kisichokaguliwa hakifundishwi, na mimi siwalaumu walimu hapo. Miaka ya bibi ilikuwa tofauti, 1975 nchi nzima ilifanya mtihani wa kisomo wenye hatua nne na kuandika kumo, ndo maana bibi aliweza kuandika barua, mbovu lakini barua, tunazo.

Watoto wa siku hizi wamefikiriwa, tangu 2015 darasa la kwanza na la pili mtaala ulipunguzwa mzigo ukawekwa nguvu kwenye KKK, na naona mwanangu wa darasa la pili anapigwa imla karibu kila siku. Ndo huyohuyo aliyetuokoa. Nikamwambia kila ukirudi shule, imla uliyopewa mpe na bibi yako. Kakawa kakali hako katoto! Kanasimama na rula. "Bibi, neno la nne, mlango." Bibi anaandika mrango. "Bibi ni mlango, l!" "Si ndo hiyo nimeandika, mrango." Sisi watu wa ziwa l na r kwetu ni ndugu wa tumbo moja, hatuwezi kuwatenganisha, hata mimi mwenye steshenari kuna siku naandika nasita. Wanabishana mpaka ugali unapoa. Ila baada ya kama miezi miwili mama alikuwa anaweza kuandika neno analolisikia, lina r isiyo yake lakini linasomeka, na hilo kwangu ndo kuandika. Aliniomba kaunta buku. Nikampa la kwere tatu, jalada jekundu.

Hapa kuna jambo nitalisema na mtaninyoosha kwenye majibu. Serikali hiihii tangu 2023 inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kila Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, Taasisi ya Elimu Tanzania ndo wanaisimamia, mshindi wa kwanza milioni 10 na mswada unachapishwa na serikali. Ni jambo zuri, sina wivu, nimeshawachapia miswada vijana wawili wakapeleka na wakinishinda bei nawapunguzia. Lakini penseli moja dukani kwangu ni mia mbili. Milioni 10 ni penseli elfu hamsini. Sisemi wapokonywe washindi, nasema anayeandika riwaya na anayeandika "dagaa" kwa mara ya kwanza wote ni uandishi, na mmoja ana ukumbi wenye mazulia na mgeni rasmi, mwingine chaki anaomba kwa jirani. Nyerere mwenyewe sidhani kama angepata shida kuchagua akae meza ipi, angekaa zote, ila angeuliza mbona hii nyingine haina kitu.

Kingine kizuri ambacho nilikuwa sijakitarajia: kikundi. Mpango unataka wanakisomo wawe na kikundi cha kuzalisha, na wa kwetu wameanza kuweka na kukopeshana, Ijumaa baada ya darasa, buku mbili mbili. Wanataka kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, fungu la wanawake. Fomu zikaja, na kwa mara ya kwanza mama hakutoa dole gumba. Alisaini. Yani alichukua kama dakika tatu watu wanasubiri kwenye foleni nyuma yake, afisa anatingisha mguu, yeye anaandika jina lake lote na la baba yake na la babu, hakuna aliyemwambia sahihi inaweza kuwa mkwaruzo. Mkopo haujatoka hadi leo lakini hiyo ni huduma nyingine, nitaiandikia siku yake.

Kwaiyo nyota tatu na nusu. Mpeleke mzee wako, usisubiri, ila mnunulie miwani kwanza, beba penseli na kichongeo chako, na ya kuandika usiwaachie wao, tafuta mtoto wa darasa la pili mwenye rula. Na kila ukifungua daftari lake usiangalie mwandiko, funika ubao, mtajie neno.

Madeni ya dagaa sasa hivi yako kwenye kaunta buku. Lina kamba, linaning'inia nyuma ya mlango palepale palipokuwa na mkaa. Mama Neema ana ukurasa wake, ustaadhi wa madrasa ameandikwa USITAZI na bado kamchorea kamwezi pembeni, kasema hawezi kumuacha hivihivi wamezoeana. Juzi nilipitia nyumbani kuchukua dagaa za mboga, yeye hayupo, nikachota, nikaondoka. Jana nikafungua daftari kwa umbea tu niangalie nani anadaiwa. Ukurasa wa mwisho, herufi kubwa, zimenyooka:

MWANANGU SADO 1 HAJARIPA